Macho ya Feruzi Hayakudanganya

Nasoro bin Feruzi,
Site ya Dilala, Kolwezi, Katanga.
Siku ya Mungu, Jumapili, tarehe 6 octobre 1957.

Mupendwa dada yangu Mwamini, kule Kasongo,

Bismillahi. Nakusalimu kwa mikono mibili. Hali yako? Ule mugongo wako unaouma saa ya baridi, umepoa? Unalala? Unakula? Nilisikia mawese ilikuwa kidogo kwenu mwaka hii na muchele uliliwa na ndege. Ni kweli? Unijibu moja kwa moja, usiniandikie «tuko wazima sote» kama mutu anayefunga mulango.

Mi niko muzima. Miaka makumi sita na sita, na bado napanda kinga yangu ya magurudumu mabili kutoka site mpaka kiwanja ya ndeke za hewani bila kushuka ku mulima. Bijana banashuka na kusukuma, mi nabapita. Meno yangu iko yote, toa mbili. Mvua ya kwanza ilinyesha jana, ikazima moshi yote ya pori, na hewa ya Kolwezi leo ni safi.

Bibi yangu Bilonda haumwi, lakini hasemi na mi. Anapika, anaweka sahani, anatoka. Ana haki. Sababu utaisikia.

Barua hii naandika na mukono yangu. Kabongo, kalaka anayeandika mu biro ya Bula Matari, serikali ya bazungu, alitaka kuniandikia, nikakataa. Ana herufi nzuri lakini anapunguza maneno. Mi alif na ba nilipewa na baba yetu, na herufi za bazungu nilijifundisha peke yangu ku magunia ya saruji na ku mabehewa ya reli. Hakuna mutu aliyenishika mukono. Kama mustari unapanda, kosa ni ya meza.

Mwalimu, wewe unayemusomea dada yangu, soma yote. Usiruke neno, usilainishe neno. Kama analia, ngoja amalize, halafu soma tena kutoka pale.

Dada, telegrama yangu ilikuambia kufa tu, haikukuambia namna. Sasa najua mukanda, ile barua ya Bula Matari, imekufikia, Kabongo aliniambia ilitoka hapa tarehe 28. Inasema mambo mabili. Inasema mutoto yako Feruzi alikufa mu ndeke. Na inasema ndeke ilianguka kwa sababu Feruzi alisoma vibaya alama ya chini, na bazungu babili balikufa kwa kosa yake. Neno la kwanza ni kweli. Neno la pili ni uongo, na uongo ile ilitoka mu kinywa changu. Nimekaa kuandika ili niiondoe.

Nianze na kazi yenyewe, maana kule kwenu batu banasema kila kitu.

Bazungu ba hewa balifika mwezi ya saba. Hawakuwa ba kompani ya shaba, wala ba Bula Matari. Balitoka Bulaya, na balisema mwaka hii mataifa mengi bamepatana kupima dunia nzima, bahari na barafu na jua na hewa. Hapa kwetu balitaka moshi. Balitaka kujua pori yetu inapoungua wakati ya kiangazi, moshi inapanda mpaka wapi, inakwenda wapi, inafanya nini na mawingu. Ndeke yao ilikuwa na motere mbili, na mu pua yake bomba ndefu ya kunusa. Ndani mulikuwa chupa za chuma, zaidi ya mia, za kufungia hewa.

Batu ba site balicheka. «Bazungu bamemaliza shaba ya chini, sasa banachimba ya juu.» Jirani yangu Muamba, mushonaji, aliniuliza kama hewa ya Kolwezi itauzwa kule Bulaya mu chupa sawa na bia. Mi sikucheka. Niliona kazi ile inanitafuta mi.

Na kweli ilinitafuta. Mukubwa wao, Bwana Omer, aliuliza ni nani anajua kuchoma pori bila moto kumukimbia, na batu bote balimutajia jina moja. Wewe unajua. Wakati ya kujenga reli ya Dilolo mi nilitembea mbele ya bapimaji na moto yangu, miezi kumi na minane, na hata nyumba moja ya kijiji haikuungua. Nikisimama pa kichuguu na kunyoosha kidole kilicholowa mate, nakuambia upepo wa sasa na upepo wa saa ijayo. Bwana Omer ana machini ya kupima upepo, na alikuwa anakuya kuniuliza mi.

Feruzi nilimuingiza mi. Na ile nataka uijue. Alikuwa mu garage, ana kazi nzuri, hana shida. Nikamuambia Bwana Omer nina mupwa mwenye macho kupita mutu yeyote mu Katanga. Bwana akaweka sahani ku mwisho ya kiwanja ya ndeke, mbali sana, juu ya pipa, akamuuliza Feruzi anaona nini. Feruzi akasema sahani nyeupe, tupu, ina ufa. Bwana akaenda kwa kinga kutazama. Ilikuwa na ufa, na yeye mwenyewe aliyeiweka hakuuona. Siku ile ile akamupa kofia ya ngozi.

Mutu wa kwanza mu ukoo wetu kupanda juu, dada. Nilizunguka site yote na habari ile. Nilikwenda mpaka ku msikiti, mpaka ku soko, mpaka ku batu nisiosema nao. Yeye alikuwa ananicheka jioni, nguo inanuka moshi: «Mujomba, kutoka juu kofia yako inaonekana sawa na punje ya muchele.» Nikamuuliza, na akili yangu? Akasema: «Hiyo hata kutoka chini haionekani.» Bilonda alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna mutu aliyesema na mi vile, yeye peke yake niliruhusu.

Sasa alama. Sikiliza vizuri, mambo yote iko hapa.

Kila siku mi na Numbi, Muluba wa Katanga, mutu wa kazi na mudomo, na batu kumi, tulikwenda ku pori ya Manika. Tulikata njia kuzunguka kipande kimoja, tukakichoma. Ndeke ilikuwa inazunguka juu. Pembeni ya moto, pa mahali wazi, tulitandika nguo nyeupe ya amerikani, mikono kumi urefu, mikono tano upana, mawe ku pembe ine. Nguo ikiwa chini, maana yake upepo ni sawa, shuka, pita mu moshi. Nguo ikitolewa, maana yake upepo umegeuka, baki juu. Feruzi alikuwa analala kwa tumbo mu ndeke, pa kioo cha chini, anatazama nguo, anamuambia mwenye kuongoza. Kisha anafungua chupa mu moshi na kuzifunga. Kazi ile kila siku, wiki saba, hakukosa hata mara moja.

Ile Jumatano, tarehe 18, kipande chetu kilikuwa karibu na nyaya kubwa za umeme zinazotoka ku baraje, ule ukuta wa kufunga maji ya Lualaba. Poto zake, zile nguzo, ni za chuma, ndefu kupita muti wowote. Nilimuambia Bwana Omer asubuhi: upepo utasukuma moshi mbali na nyaya mpaka saa sita, kisha utageuka. Na saa sita ukageuka, sawa nilivyosema. Moshi ikainama, ikafunika poto tatu nzima. Nikamuambia Numbi toa nguo. Tukaitoa, tukaikunja. Ndeke ikapita juu, ikatikisa mabawa kutuambia imeona, ikaenda upande ya Kolwezi. Nikasema basi, banakwenda kula. Siku zote saa ile balikwenda kula.

Ilikuwa adhuhuri. Mukeka yangu ya sala iliungua na cheche siku mbili mbele ya ile. Chini yote ilikuwa majivu, nyeusi, ya moto, hakuna hata pahali pa kuweka kipaji. Kitu safi kilikuwa kimoja tu. Nikaichukua ile nguo. Nilitaka kuitandika nusu, lakini batu balikuwa bameishika kwa mikono ya makaa na upande ya juu ilikuwa chafu. Ya ndani njo ilikuwa nyeupe. Nikaifungua yote. Upepo ukaiinua. Nikaweka mawe.

Numbi akaniambia: «Tata Nasoro, ile ni nguo ya ndeke.»

Nikamuambia ndeke imekwenda kula.

Akasema: «Ikirudi?»

Nikamujibu: «Wewe haujasali hata siku moja tangu mama yako akuzae, utanifundisha mi pa kuinamia?» Batu balicheka, na mi nikafurahi balivyocheka. Nikaanza sala.

Mu rakaa ya pili nilisikia motere.

Dada, unajua masikio yangu. Nilijua ni ndeke yetu, nilijua inatoka magharibi, nilijua inashuka. Numbi aliniita. Aliita jina langu bila tata, mara mbili. Mwalimu, najua utasimama hapa na kusema sheria inaruhusu kukata sala kuokoa mutu. Na mi nilijua. Baba yetu alitufundisha, na mi ni mutoto yake mukubwa. Sikukata. Na usidhani ni kwa kumuogopa Mungu. Numbi alikuwa ameniambia mbele ya batu kumi, na kama ningesimama, Numbi angekuwa na haki. Nikainama. Nilisali rakaa ya tatu kwa ajili ya Numbi, siyo kwa ajili ya Mungu.

Numbi alivuta nguo kutoka chini ya magoti yangu. Alikuwa amechelewa. Ndeke ilikuwa imeisha kuingia mu moshi, chini, sawa na alama ilivyobaambia. Tulisikia nyaya kwanza. Zililia wakati murefu, kisha tukasikia ile ingine.

Feruzi hakuungua. Alitupwa inje. Bazungu babili balibaki ndani. Mi njo nilifika kwake wa kwanza, nilikimbia kupita batu ba miaka makumi mbili. Sitakuandikia zaidi ya pale, isipokuwa hii moja: macho yake yalikuwa mazima na wazi. Niliyafunga na mukono hii inayoandika.

Nilimuosha mwenyewe. Sanda hatukuwa nayo, duka ya Muarabu ilikuwa imefungwa, na Bwana Omer, naye analia rafiki zake, alituletea nguo ya msaada. Alituletea ile amerikani. Akasema ni safi, ameifulisha. Batu bote balimushukuru. Mi nikaipokea. Mutoto yako amezikwa mu nguo ile, Mwamini. Nilikata mwenyewe, nilifunga mwenyewe, ku kichwa, ku kiuno, ku miguu.

Kisha komisio ya kutafuta sababu ikakuya, bazungu batatu na karatasi. Baliuliza Numbi: saa sita, nguo ilitolewa ao haikutolewa? Numbi akanitazama. Akasema ilitolewa. Akanyamaza pale pale, kwa kunifunika. Bale batu kumi hawakuulizwa, baliniuliza mi. Nikasema ilitolewa. Ile ni kweli, dada, na ni uongo mubaya kupita uongo yote niliyosema mu maisha. Balirudi ku meza yao, bakahesabu: nguo ilitolewa, ndeke ilishuka, basi aliyelala pa kioo aliona kitu ambacho hakiko. Baliandika vile. Jina ya baba yetu, ile tuliyomupa mutoto wako, iko mu karatasi ya bazungu ku upande ya kosa.

Chupa moja ilipatikana haijapasuka, namba makumi ine na moja. Ilikuwa imefunguliwa na kufungwa vizuri, ku saa yake. Bwana Omer aliituma Bulaya pamoja na zile za siku za mbele. Ndani yake muko moshi yangu, na mu hesabu yao batasema ni moshi nzuri.

Bilonda nilimuambia siku ya tatu ya matanga. Alimulea Feruzi tangu uliponitumia yeye na meno ya mbele hayajaota. Hakulia. Aliniuliza: «Numbi alikuita mara ngapi?» Nikasema mbili. Tangu siku ile sahani, na mulango.

Mi nilifikiri nitakufa nayo. Nikajiambia aliyekufa amekufa, karatasi haimuumizi. Lakini wiki iliyopita nilipita pa garage, na bijana Feruzi aliofanya nao kazi balikuwa banasema. Mumoja anasema: «Feruzi? Yule kipofu Mungwana wa Kasongo aliyeua bazungu?» Akaniona, akatazama chini. Nilikuwa na fimbo mu mukono. Sikumupiga. Mara ya kwanza mu maisha yangu mutu anatukana damu yangu mbele yangu na mi sina neno la kumujibu, maana neno lenyewe ni mi.

Ijumaa nilikwenda ku biro ya bwana A.T., mukubwa wa Bula Matari mu territoire yetu. Kabongo alinisikiliza ku mulango, akaweka kalamu chini. «Tata Nasoro, bazee banakuya hapa kuomba batolewe mu karatasi. Wewe unaomba kuingia?» Nikamuambia ndiyo, na andika herufi kubwa.

Bwana Omer aliitwa. Nilisema yote mbele yao babili, nguo, sala, Numbi, mara mbili. Nilisema Numbi alinionya, ili basimushike. A.T. alikasirika, karatasi ya komisio imeisha kufika Elisabethville. Bwana Omer hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: «Ulibasikia banarudi?» Nikasema nilisikia. Akatoka inje, akakaa ku ngazi.

Kesho asubuhi narudi kutia sahihi. Wengine banaweka kidole, mi nitaandika jina yangu yote, Nasoro bin Feruzi, ili ionekane jina ya mwenye kosa ni ipi. Kabongo anasema nisikuye bila blanketi, maana banaweza kunifunga pale pale. Bilonda amefunga blanketi mu kifurushi, na leo asubuhi alinisemesha. Alisema: «Kofia utachukua?» Ni maneno mabili tu. Nimeyakunja nayabeba.

Numbi alikuya jana mu mvua, na hasira. «Nilikufunika na kinywa changu, na wewe unajifunua? Sasa bataniuliza mi kwa nini nilinyamaza.» Nikamuambia bakikuuliza, useme uliogopa muzee mukali. Akasema: «Ile siyo uongo.» Tukakaa. Nilimuambia pale, mbele ya Bilonda: Numbi, ulikuwa na haki. Ilinichukua siku kumi na saba kutoa maneno matatu yale.

Dada, sikuombi unisamehe. Ukitaka kunisamehe, ni kazi yako na Mungu, usiniambie. Naomba kitu kingine. Ile mukanda ya Bula Matari, najua ilisomwa mbele ya batu, maana mukanda yoyote inayotoka mbali kule kwenu inasomwa inje. Na hii isomwe inje. Ijumaa, baada ya sala, batu bote bakiwa bamekaa, mpaka bale bazee ba upande ya marehemu bwana yako walionikataza nisimuchukue mutoto. Balikuwa na haki nao. Ona, najizoeza.

Bakiniachilia, mvua ikiisha nitapanda treni mpaka Kabalo, halafu Kongolo, nifike kwako. Ukinifungia mulango nitakaa inje. Mi najua kukaa.

Unisalimie Mwamini mudogo, yule wajina wako, na mume wake. Unisalimie bibi muzee wa pa kisima kama bado anaona, umuambie Nasoro anauliza. Bilonda anakusalimu, hakuniambia niandike, lakini alipita nyuma ya kiti na kusimama kidogo pa jina lako. Na hapa, Alhamisi, tunakwenda ku kaburi na jembe, maana mvua hii itaotesha manyasi juu yake.

Mungu akutie nguvu mu mugongo na mu moyo, akuachie bale waliobaki, na amupe Feruzi mahali pa juu, maana alipazoea.

Mwalimu, kabla ya kukunja karatasi, simama, usome mustari huu mara ya pili, kwa sauti, bale ba nyuma basikie: nguo ilikuwa chini. Feruzi aliona sawa.

Mi kaka yako niliyekubeba mugongoni tulipovuka muto, na sasa sina cha kubeba mbele yako isipokuwa hii,

Nasoro.